Panya Mwembamba

Fundi saa hakuwa mtu wa kusema amejua jambo kabla hajalihesabu meno. Ukimletea saa iliyosimama, hakuambii betri imekwisha, wala hakuambii imekufa. Ataifungua, ataiweka chini ya kioo cha kukuzia, atakagua gurudumu baada ya gurudumu, kisha ndipo atainua uso na kusema neno lake kwa sauti ya chini ambayo wateja wengi humwomba aipandishe. Mtaani walimwita Taratibu. Hakuchukia. Ufundi wenyewe alijifunza peke yake, kwa kuifungua saa ya ukutani ya marehemu baba yake na kuirudisha mara kumi na moja mpaka ikakubali kutembea.

Mikono alikuwa nayo, macho alikuwa nayo. Kilichomkosesha usingizi wa mchana na wa usiku kilikuwa karatasi. Shule aliiacha mapema, na kila mlango wa kazi ya maana aliobisha ulimwuliza cheti. Na saa nazo zilikuwa zinakwisha mikononi mwa watu. Siku hizi mtu akitaka kujua wakati anatazama simu. Siku nzima ingeweza kupita asiguse kitu ila mkanda mmoja wa kubadilisha.

Ndiyo maana chuo cha ufundi kilipobandika tangazo getini, alilisoma mara tatu akiwa amesimama juani. Kulikuwa na mashindano ya roboti ndogo, zile zinazoitwa panya. Panya ni kigari cha kuenea kiganjani. Kinawekwa kwenye mzingile wa vijia vya mbao na kuachwa kitafute chenyewe njia ya kufika katikati. Hakuna wa kukisukuma, hakuna rimoti. Kila panya anapewa mizunguko minne, na ule wa kasi kuliko yote ndio unaohesabiwa. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: atakayekuwa amebuni umbo la panya mshindi ataajiriwa kuwa mwalimu wa karakana, na vyeti havitaulizwa.

"Mstari huo wamekuandikia wewe, shemeji," alisema mume wa dada yake jioni ile ile, amekalia kigoda mbele ya meza ya saa. "Limebaki jina tu."

Shemeji alikuwa akifundisha umeme katika chuo hicho, kwa mkataba wa muhula kwa muhula, na watu walimwita Mwalimu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa maneno, mtu ambaye akiingia msibani hata wafiwa hutabasamu kidogo. Fundi alimpenda. Siku alipokuja kumposa dada yake, yeye ndiye aliyemsemea kwa wazee.

"Programu siijui," fundi alisema.

"Programu niachie mimi. Wewe jenga mwili. Mimi kazi ninayo, sina haja na hiyo nafasi. Tukishinda, wewe unaingia karakana, mimi napata wa kunywa naye chai."

Wakaanza. Kila jioni, kwa miezi miwili, shemeji alipitia dukani akitoka chuoni. Fundi alikuwa ametengeneza kipande cha mzingile kwa maboksi, akakiweka sakafuni kati ya meza na mlango, hata wateja wakawa wanakiruka kama wanavuka mtaro.

Jambo la kwanza lilikuwa upana. Fundi alikata vipande vya kadibodi vya upana mbalimbali, akavipitisha vijiani kwa kidole, jioni nyingi. Kisha akasema.

"Tazama hapa, shemeji. Njia ikienda kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila mtu atafikiri panya lazima ageuke kila kona. Akiwa mwembamba, hageuki. Anapita mshazari, moja kwa moja katikati ya pembe za kuta, kama uzi unavyopita tunduni. Nimepima. Kijia kina sentimita kumi na sita na kitu. Ukikipita mshazari kinabaki kama kumi na moja. Mwili ukiwa na saba na nusu, nafasi ipo kila upande."

Shemeji alichukua kile kipande cha kadibodi, akakipitisha mwenyewe. Akakipitisha tena.

"Umepima mara ngapi?"

"Nne."

"Wazo zuri," shemeji alisema, akakirudisha mezani. "Ila halitufai. Programu ya kwenda mshazari ni ngumu, hujui tu. Na kitu chembamba kinapinduka. Mjenge wa kumi na mbili, atulie kama mama mwenye nyumba."

Fundi alifikiri kwamba programu si shamba lake, na asiyejua shamba hapangi matuta. Katika daftari lake alikuwa ameandika saba na nusu, pamoja na mchoro. Akaupitishia mstari mmoja, akaandika kumi na mbili pembeni. Shemeji akaupiga picha ukurasa kwa simu yake, kama alivyofanya kila jioni, ili asisahau vipimo atakapokuwa anaandika programu nyumbani.

Betri ikawa vile vile. Fundi alitaka ilale chini kabisa, katikati ya magurudumu mawili, uzito wote ukalie tairi. Shemeji akasema iwekwe juu, iwe rahisi kuchomoa. Kwenye gia, fundi alitaka mota igeuke mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na alikuwa ameshachagua vigurudumu vya shaba kutoka kwenye saa za mezani zilizokufa, akavisugua kwa dawa ya meno mpaka vikawa vinaimba vikizungushwa. Shemeji akasema kasi hiyo ni ya wendawazimu. Akaleta mota mbili zenye gia za dukani, nzito, za thelathini kwa moja. "Wewe si ndiye Taratibu? Basi mwanao naye afanane na baba."

Walicheka wote wawili. Fundi akapiga mstari, akaandika pembeni. Shemeji akapiga picha.

Kisha ikaja habari ya ushanga. Panya wa magurudumu mawili lazima awe na kitu cha kumzuia asichimbe kwa pua au kwa mkia. Wengi hutumia kigurudumu kinachozunguka kila upande, lakini hicho ni kizito na kinakusanya vumbi. Fundi alifikiri juu ya kioo.

"Mkeo ana ule mkufu wa mama, wa shanga za kioo za kijani," alisema. "Shanga zile ni laini kuliko chuma chochote. Tukibandika moja mbele na moja nyuma, chini ya tumbo, halafu tukizipandisha..."

Shemeji hakungoja mwisho. "Roboti mwenye ushanga? Shemeji, tunampeleka mashindanoni au tunamwoza?" Akacheka mpaka akakohoa, na fundi simu wa duka la pili akachungulia kuuliza kuna nini, akasimuliwa, akacheka naye. Fundi akatabasamu. Sentensi yake ilikatikia hapo. Ushanga ukaingia daftarini kwa mchoro tu, ukapigwa mstari, na kigurudumu cha plastiki kikachukua nafasi.

Panya alipokamilika alikuwa mpana, mzito, mtulivu. Kwenye mzingile wa maboksi alitembea bila kugusa ukuta hata mara moja. Fundi alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye adabu asiye na kipaji. Hakuwa amemjenga yeye. Alikuwa amejenga kila alichoambiwa. Lakini alijikanya: wawili hujenga nyumba kwa kuachiana.

Siku ya mashindano, Jumamosi asubuhi, ukumbi wa chuo ulinukia mbao mpya na rangi. Mzingile wenyewe ulikuwa katikati, mweupe, kuta zake zimepakwa nyekundu juu. Dada yake alikuwa ameshakaa safu ya mbele, amevaa kitenge kipya. Alimpungia mkono fundi, kisha akapunga upande mwingine wa ukumbi. Fundi alifuata ule mkono. Shemeji alikuwa amesimama kwenye meza ya chuo, na wanafunzi wawili, wote watatu wamevaa fulana za rangi moja.

Fundi alimfuata.

"Ah, shemeji," Mwalimu alisema, akimshika bega. "Nilitaka kukuambia jana. Vijana walinibana. Mkuu wa chuo naye akanibana. Nikaona niwashike mkono kidogo. Wewe programu yako si nimeshakuwekea humo ndani? Uko kamili."

"Jina langu umeandikisha?"

"Peke yako. Sifa zote zako."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Mwalimu kusaidia wanafunzi wake si kosa. Macho yake yakashuka mezani. Panya wa chuo alikuwa mwembamba.

Wawili wanaweza kuwaza jambo moja, alijiambia. Mzingile ni mmoja kwa wote. Aliyekaa na kupima atafika kwenye saba na nusu. Akainama kidogo. Betri ililala chini, kati ya magurudumu. Hilo nalo lina mantiki, mtu yeyote anaweza kulifikia. Gia zilikuwa za shaba, ndogo, na hakuhitaji kuhesabu meno, lakini alihesabu. Kumi kwa arobaini. Saa ikichelewa mara moja, unalaumu vumbi. Ikichelewa mara tatu kwa dakika zile zile, unatafuta mkono wa mtu.

"Naomba nimwone chini," alisema.

Mwanafunzi mmoja, kwa heshima na bila kujua, alimgeuza panya juu chini. Chini ya pua palikuwa na ushanga wa kijani. Nyuma palikuwa na mwingine. Fundi alizijua zile shanga tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, zikiwa shingoni mwa mama yake, mbele ya pua yake.

Alirudi kwenye meza yake akakaa. Miezi miwili ilimpitia kichwani jioni kwa jioni, na sasa kila jioni ilikuwa na uso mwingine. Hakukuwa na wazo lake hata moja lililokataliwa. Yote yalikuwa yamechukuliwa. Kila "halitufai" ilikuwa na maana ya "hili linanifaa". Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa ili kimkae vizuri.

Dada yake akaja na chupa ya maji. "Kaka, shanga zilifaa? Alinambia unazihitaji upesi, nikaukata mkufu usiku ule ule. Nikasema mama mwenyewe angefurahi."

Fundi alimtazama. Alikuwa anatabasamu kwa uso wote.

"Zinafaa sana," akasema. "Kakae, wanaanza."

Panya wa fundi aliitwa wa tatu. Alifika katikati kwa sekunde hamsini na moja, kwa adabu zake zote, na watu wakapiga makofi ya kumstahi. Mzunguko wa pili ulikuwa wa sekunde arobaini na nane. Wa tatu na wa nne ilibaki pale pale; gia za dukani hazikuwa na zaidi ya hapo.

Panya wa chuo alipowekwa, watu walisogea mbele. Mzunguko wa kwanza alikuwa anachunguza njia tu. Wa pili akaondoka kwa kasi, na hapo hapo magurudumu yakazunguka bure, kama gari lililozama matopeni. Alipofika kwenye kona ya kwanza aliteleza, akagonga ukuta, akakwama huku shaba ikilia. Wanafunzi walimfuta tairi, wakampuliza. Jaji mkuu, mhandisi mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, akatangaza mapumziko ya robo saa.

Mwalimu alikuja na panya kiganjani, amemfunika kwa kitambaa kama anabeba kifaranga.

"Shemeji. Anateleza."

"Nimeona."

"Tumebadilisha tairi mara mbili wiki hii. Hakuna kitu. Wewe unalijua hili."

Fundi alikitazama kile kitambaa, kisha akamtazama yeye. "Kwa nini ulinizunguka?"

Mwalimu aliketi kwenye ukingo wa kiti. Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao. Hawauongezi. Nilijua siku ile ile lilipobandikwa tangazo. Nina watoto wawili, na hao watoto ni wapwa zako."

"Ungeniambia."

"Ungenipa? Ungenipa nafasi yenyewe?"

Fundi alifikiri kwa haki, kama alivyofikiri kila kitu. "Sijui," alisema. "Hukuniuliza."

"Basi nisamehe. Lakini huyu ni wako, wewe mwenyewe unajua. Akifia pale, kimekufa kitu chako. Nisaidie, na jaji akiuliza nani kabuni, nitasema. Nisiposema mimi atasema nani?"

Fundi alinyoosha mkono, akampokea panya. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika. Alikuwa mwepesi, na uzito wake ulikaa pale pale alipopanga, kati ya vidole viwili, akipepesuka kidogo mbele na nyuma kama mizani. Kosa aliliona kabla hajatoa kioo cha kukuzia mfukoni. Shanga zilikuwa zimebandikwa zikakanyaga chini, zote mbili, zimebeba panya mzima. Magurudumu yalikuwa yananing'inia nusu. Hakika hawakujua. Ile sentensi aliyokatizwa kwa kicheko ndiyo iliyokuwa imebeba jambo lenyewe: ushanga haugusi. Unapandishwa kwa unene wa karatasi mbili, tairi zibebe kila kitu, ushanga ungoje tu siku panya atakapoinama.

Angeweza kusema haoni tatizo. Alilipima hilo pia. Lakini mikononi mwake palikuwa na kitu alichokiota, chenye kasoro moja ya kuondoa kwa dakika tano, na tangu aanze kazi hakuwahi kumrudishia mtu saa akijua inakosea. Tena, na hili ndilo alilolificha hata kwa nafsi yake, alitaka kumwamini. Mtu akishika deni la wema kama hili mbele ya mkewe na ukumbi mzima, atasema.

Alizibandua shanga kwa ncha ya kisu, akatoa vipande vya plastiki vilivyowekwa chini yake, akasugua kwa tupa, akapima kwa karatasi, akabandika upya. Jaji mkuu alipita karibu na meza akiwa na kikombe cha chai, akasimama kumtazama, akaendelea.

Mzunguko wa tatu, panya mwembamba alifika katikati kwa sekunde kumi na mbili. Wa nne, kwa tisa. Kwenye kile kipande cha kulia, kushoto, kulia, kushoto, hakugeuka hata mara moja. Alipita mshazari kama uzi tunduni, na watu waliinuka vitini. Fundi naye aliinuka. Kwa zile sekunde tisa alisahau kila kitu kingine.

Hakuna panya mwingine aliyekaribia. Jaji mkuu alichukua kipaza sauti, akamweka panya mshindi mezani juu chini, akavigusa vile vioo vya kijani kwa kalamu.

"Nimesimamia mashindano mengi," alisema. "Upana huu na hizi shanga sijaviona popote. Nani kabuni mwili huu?"

Mwalimu alipokea kipaza sauti. Alitazama safu ya mbele alikokaa mkewe. Akamtazama mkuu wa chuo. Upande wa fundi hakutazama.

"Ni kazi yangu na wanafunzi wangu," alisema. "Tumekesha nayo miezi miwili."

Jaji mkuu aligeuka. "Yule bwana pale nilimwona na panya huyu mkononi wakati wa mapumziko."

Ukumbi mzima ulimgeukia fundi. Alisimama. Maneno alikuwa nayo, mafupi, na aliyasema: "Huyu panya ni wangu. Nimembuni mimi."

Lakini aliyasema kwa sauti yake ile ile ya siku zote, na wachache waliosikia walitazamana. Mwalimu alicheka kwa upole kwenye kipaza sauti, kicheko cha nyumbani.

"Ni shemeji yangu, mheshimiwa. Fundi saa, mkono wake ni dhahabu. Huwa tunamwita atusaidie vitu vidogo vidogo, na kweli panya huyu anamwona kama mwanawe. Naomba tumpigie makofi."

Wakapiga. Ukumbi mzima, kwa moyo mkunjufu kabisa. Jaji mkuu aliweka kipaza sauti kwapani ili apige vizuri. Mkuu wa chuo alipiga. Wanafunzi wawili walipiga, wakimtazama kwa shukrani ya kweli. Na katika safu ya mbele dada yake alikuwa amesimama, anapiga kuliko wote, machozi yanamtoka kwa fahari, maana mumewe amepata kazi na kaka yake ametajwa mbele za watu. Fundi alimtazama yeye, akaona kwamba neno lolote atakaloliongeza litapitia pale kwanza. Akaketi.

Mlangoni, watu wakitoka, Mwalimu alimfikia na kumshika bega lile lile la asubuhi.

"Umeona?" alisema. "Nimekutaja."

Jumatatu fundi alifungua duka kwa wakati wake. Sakafu kati ya meza na mlango ilikuwa tupu, na wateja wawili waliinua mguu pale pale kwa mazoea. Jioni Mwalimu akatokea, na barua ya ajira mfukoni, imechomoza nusu. Alisimama mlangoni kwanza, kisha akaingia, akakivuta kigoda.

"Nimezungumza nao," alisema. "Nitahitaji msaidizi karakana. Sijataja mtu, lakini unajua nina nani moyoni."

Fundi alikuwa na saa ya mkono ya mwanamke chini ya kioo. Alimaliza kukaza skrubu moja, akaweka bisibisi mahali pake, akainua uso.

"Umeleta saa?" aliuliza.

Mwalimu alitabasamu, akingoja utani uishe. Haukuisha. Akajitazama kifundo cha mkono, pasipo na saa.

"Shemeji, ni mimi."

"Nakuona," fundi alisema. "Hapa natengeneza saa."

Akarudisha jicho kwenye kioo. Alisikia kigoda kikikwaruza sakafu, kisha hatua, kisha mtaa. Ile saa ya mwanamke ilikuwa inachelewa dakika mbili kwa siku. Akaanza kuhesabu meno ya gurudumu la kwanza.